Sekunde Moja ya Bi Hakika

Wifi yangu kazini kwao wanamwita Bi Hakika. Miaka sita jina hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana ni kwa hiyohiyo hakika yake mume wangu alifukuzwa kazi na kuitwa mwongo. Na mume wangu ni kaka yake, tumbo moja, wamekua wakigombania shuka moja. Lakini kikao cha ofisi kilipomuuliza kama chombo chao kinaweza kukosea, wifi yangu alijibu maneno mawili tu: "Hakiwezi kukosea." Akaenda kukaa.

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya kompyuta nimeyajua kwa kulala na mtu anayeyaota, kwa hiyo nitayaeleza kama nilivyoyaelewa, anayejua zaidi anisamehe. Ofisi yao hutengeneza programu za mashine za hospitali. Wana chombo chao, nacho ni programu pia, kinachotunza kila toleo la kazi: nani kagusa faili gani, lini, kabadilisha nini. Ndani yake kuna orodha. Kila faili limeandikwa humo ukubwa wake na saa lilipoguswa mara ya mwisho. Ukikiuliza chombo kama kuna kilichobadilika, hakifungui mafaili yote kuyasoma, maana kitakesha. Kinapita mbiombio kikitazama ukubwa na saa. Vikilingana na orodha, kinasema hakuna kipya. Visipolingana, ndipo kinafungua na kusoma. Wenyewe wanaita kuhuisha orodha, na mistari inayofanya kazi hiyo aliiandika wifi yangu kwa mkono wake.

Sasa, mume wangu aliambiwa abadilishe namba moja kwenye faili la mashine ya kutia dawa mishipani. Nane iwe sita. Akabadilisha. Kesho yake mashine ikaenda hospitali na nane ileile. Muuguzi mmoja mwenye macho makali akaiona kabla dawa haijaingia kwa mtu, hakufa mtu, namshukuru muuguzi huyo mpaka leo ingawa simjui. Chombo kilipoulizwa, kikasema faili halikuguswa. Mume wangu akaapa aliligusa. Wakasema basi huyu ni mzembe, na juu ya uzembe ni mwongo. Wifi yangu alijaribu mbele ya kikao mara kumi, akibadilisha nane kuwa sita kwa vidole vyake, na mara zote kumi chombo kikaona. Mume wangu akasema mwenzenu sikutumia vidole. Hakuna aliyemsikiliza.

Tangu hapo hakukanyaga kwa dada yake. Mama yao anaishi kwa wifi, basi mume wangu akawa anamsalimia mama yake kwa simu tu. Alimwandikia dada yake barua moja, nikaipeleka mimi mwenyewe na kumtia mkononi. Haikujibiwa.

Siku ninayoisimulia nilifika kwa wifi saa saba mchana, nimevaa vile viatu vyangu vinavyolia kisigino, makusudi asikie ninavyokuja. Kuna ofisi ilikuwa imempenda mume wangu. Walimtaka kweli. Ila walikuwa wamesikia ile habari ya uongo, wakasema wataamini barua ya mtu wa ofisi ya zamani anayekijua chombo kile, iwafikie kabla ya saa kumi siku hiyo. Bila barua wanamchukua mwingine. Na anayekijua chombo kile kuliko wote ni nani? Bi Hakika.

Nilimkuta mezani dirishani, kompyuta mbele, pazia nyuma yake. Pazia nililishona mimi, kabla ya ugomvi, na upindo ulikuwa umeanza kufumuka. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mume wako hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani ameikodolea simu macho."

"Karibu wifi, kaa," akasema Bi Hakika bila kugeuka.

"Sikuja kukaa." Nikamwambia nilichokuja nacho, kwa mkupuo mmoja, nisije nikalia katikati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua miwani. "Wifi, siwezi kuandika nisilolijua. Nikiandika kwamba hakusema uongo, mwongo nitakuwa mimi."

"Mistari miwili tu, wifi! Miwili!"

"Hata nusu."

Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, mengine hata hayakumhusu, yalihusu harusi yangu na namna alivyokuja na kiti chake mwenyewe. Mama mkwe akasema, "Kaa bwana, unanitia kizunguzungu." Nikakaa. Nikasema sibanduki hapo mpaka saa kumi ipite, na aione ikipita.

"Sawa," akasema wifi. "Ila kama umekaa, nisaidie. Nina mabadiliko ya kukagua na bosi anayataka leo."

Jamani! Mtu mmemaliza kutukanana anakwambia umsaidie. Ndivyo alivyo, hana kinyongo wala hana habari kwamba wengine tunacho. Akaniambia kuna binti mgeni ofisini amebadilisha ile sehemu ya kuhuisha orodha. Zamani chombo kilikuwa kinapita faili moja baada ya jingine. Binti amekifanya kipite kwa mikono mingi kwa wakati mmoja ili kiwe chepesi. Kazi ya wifi ni kukagua kama mikono hiyo haitagongana. Na wifi yangu hapitishi kitu kwa kusoma tu. Ana mtindo wake ambao ofisini humcheka nao: anachukua vitu vya jikoni na kuigiza mashine, hatua kwa hatua, mpaka aamini.

Akaleta makopo manne mezani, la chumvi, la sukari, la majani ya chai na la viberiti, yote matupu. Hayo ndiyo mafaili. Ndani ya kila kopo karatasi yenye namba. Juu ya kifuniko kipande kingine cha karatasi chenye saa ya mwisho kopo lilipoguswa. Yeye akashika daftari, ndiyo orodha. Mimi nikawa mfanyakazi wa kubadilisha namba. Tulikosa saa.

"Mama," wifi akasema, "wewe ndiye saa. Gonga kijiko kwenye kikombe, kila ukigonga ni sekunde moja imepita. Na uhesabu kwa sauti."

"Nigonge kwa haraka au taratibu?"

"Taratibu, tukufuate."

"Mimi nilijua nitakufa, sikujua nitakuwa saa kwanza," mama mkwe akasema, akagonga. "Moja."

Nilicheka bila kupenda, nikajikasirikia kwa kucheka. Tulianza. Nikibadilisha namba kwenye kopo la chumvi, naandika saa mpya kwenye kifuniko. Wifi anapita kwa mikono miwili, huku akitazama kopo hili na huku lile, hafungui, anatazama kifuniko na daftari. Saa zikitofautiana anafungua. Tukarudia. Akabadilisha mpangilio, akanifanya mkono wake wa tatu, tukarudia tena. Mikono haikugongana. Saa ya ukutani ilionyesha nane na nusu, na mimi nilikuwa nimekalia miiba. Nilimwona akilini mume wangu amekaa kitandani na simu mapajani, shati lililopigwa pasi mgongoni mwake, anajisemesha kwamba hana haraka.

"Mabadiliko ya binti ni safi," wifi akasema. "Mzunguko wa mwisho, kisha napitisha."

Nikachoka. Nikaona tumalize upuuzi huu. Mama mkwe akagonga, "Kumi na nne." Nikatia karatasi ya nane kwenye kopo la sukari, nikaandika kumi na nne kwenye kifuniko. Wifi akaandika kwenye daftari: sukari, tarakimu moja, kumi na nne. Hajainua kalamu, nikafungua kopo, nikatoa nane, nikatia sita, nikaandika tena saa kwenye kifuniko. Mama mkwe alikuwa anakunywa chai, hajagonga bado, kwa hiyo nikaandika kumi na nne.

"Unaniharakisha," wifi akasema.

"Mbona mume wangu ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Anaandika upya nane ya zamani, anaiingiza kwenye orodha, anaweka sita, kufumba na kufumbua. Alikuwa na kile kiprogramu chake cha kufanya yote matatu kwa mkupuo, alikiita Chapuchapu. Mvivu wa vidole yule."

Mama mkwe akagonga. "Kumi na tano."

Wifi akaanza kupita kuhuisha. Chumvi, sawa. Chai, sawa. Akafika kwenye sukari. Kifuniko, kumi na nne. Daftari, kumi na nne. Ukubwa, tarakimu moja. Daftari, tarakimu moja. Mkono wake ukaliruka kopo, ukaenda kwenye viberiti. Kisha ukasimama hewani.

Akarudisha mkono polepole, akafungua kopo la sukari, akatoa karatasi. Sita. Akatazama daftari.

"Wifi," nikasema, "hiyo ni nini?"

"Nyamaza kidogo." "Mistari ya kulinganisha saa si ya binti. Binti hakuigusa. Hiyo ni yangu."

Simu ikalia. Alikuwa bosi wao. Wifi aliiweka mezani na sauti ikasikika chumba kizima.

"Dada, vipi, umepitisha?"

"Ya binti ni safi. Yangu ndiyo mibovu."

"Yako ipi?"

Akamweleza. Faili likiandikwa kwenye orodha, na ndani ya sekunde hiyohiyo likabadilishwa na ukubwa ukabaki uleule, chombo hakitaliona milele.

"Sikiliza," bosi akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Hayo ni ya kale. Watu wameshasahau. Ukiyaandika kwenye ukaguzi, kila mtu ofisini anayasoma, na watauliza kikao kile kilimfukuza nani na kwa ushahidi wa nani. Ushahidi ni wako. Umeombwa kukagua ya binti, kagua ya binti. Pitisha, tutalirekebisha taratibu."

Nilitazama uso wa wifi yangu. Nilitaka kuinyakua ile simu nimpe bosi vidonge vyake.

"Nipe nusu saa," wifi akasema. "Bado sina hakika." Akakata.

"Huna hakika ya nini!" Nikasimama. "Umeona kwa macho yako!"

"Nimeona makopo. Makopo si kompyuta."

Saa tisa na robo. Akavuta kompyuta, akatengeneza faili, akaandika nane, akaliingiza kwenye orodha, akabadilisha kuwa sita haraka kadiri vidole vilivyoweza. Akakiuliza chombo. Kikajibu: faili moja limebadilika. Kimeona.

Akarudia. Kimeona. Akarudia tena huku amebana meno. Kimeona. Akaniangalia, na nikaona yuko palepale alipokuwa miaka sita iliyopita, mbele ya kikao, na vidole vyake.

"Si kwa vidole!" Nilipiga meza makopo yakaruka. "Wifi, kwani husikii? Alisema hakutumia vidole! Chapuchapu haina vidole!"

Akaandika mistari mitatu, mifupi, nikaiona: weka nane, ingiza kwenye orodha, weka sita. Akabonyeza mara moja. Akakiuliza chombo.

Hakuna kilichobadilika.

Akafungua faili lenyewe. Sita imekaa humo, wazi kabisa. Akakiuliza tena. Hakuna kilichobadilika. Akavuta toleo jingine, kama vile mtu anavyovuta kazi za wenzake asubuhi, na chombo kikaandika juu ya faili lile bila hata kuuliza. Sita ikapotea. Nane ikarudi, kama mume wangu hakuwahi kuligusa maishani mwake.

"Nina hakika," wifi akasema.

Mama mkwe alikuwa bado ameshika kijiko. "Ina maana hakusema uongo?"

"Hakusema uongo, mama."

"Mimi nilijua," akasema mama mkwe, akaweka kijiko chini. "Ila hamkuniuliza."

Wifi aliandika ukaguzi kwanza. Nilimlilia aanze na barua, saa inakimbia, akasema barua bila ukaguzi ni maneno ya dada anayemtetea kaka yake, lakini wakiiona na ushahidi wataamini. Akaandika, na wote ofisini wakaweza kusoma, kwamba mabadiliko ya binti hayana kasoro lakini yasipite juu ya mistari mibovu. Chini yake akaongeza: "Mistari hii niliandika mimi. Miaka sita iliyopita niliulizwa kama inaweza kukosea, nikasema haiwezi. Inaweza. Aliyefukuzwa alisema kweli." Akabandika na ile mistari mitatu ili kila mwenye shaka ajaribu mwenyewe. Simu ya bosi ikaanza kulia. Akaigeuza kifudifudi.

Barua ilitoka saa kumi kasoro dakika saba. Nilisimama nyuma ya kiti chake mpaka kompyuta iliposema imefika, kisha nikakaa sakafuni na viatu vyangu vya vita, nikalia kwa kwikwi kama mtoto.

"Mpigie," mama mkwe akamwambia wifi, akimpa simu yake ya vibonyezo. "Yako hatapokea."

Ikaita mara mbili. "Shikamoo mama," sauti ya mume wangu ikasema.

"Si mama. Ni mimi, kaka."

Nilisikia kitanda chetu kikilia kule upande wa pili, amesimama.

"Nimeona," wifi akasema. "Kwenye kuhuisha orodha. Sekunde ileile, ukubwa uleule. Nimejaribu kwa programu, kikakosea."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Mara moja. Kisha nikakiuliza chombo tena kuhakikisha."

"Mimi nilijaribu mara mia mbili," mume wangu akasema. Hakuwa na hasira. Ningetamani angekuwa nayo. "Usiku ule waliponiondoa. Nikahesabu."

"Sasa kaka, kwa nini hukuniambia? Kikao kilikukatisha, sawa. Lakini mimi! Ungeniambia tu kwamba ni sekunde ileile, ningejaribu!"

"Nilikuandikia."

Wifi yangu aliweka simu mezani taratibu, akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya chini yenye risiti na betri zilizokufa. Akarudi na bahasha. Niliitambua mara moja, hata kona niliyoikunja kwa jasho la mkono wangu siku nilipomletea. Gundi ilikuwa haijaguswa.

"Nilijua utakuwa umeandika yaleyale," akasema kwenye simu. "Nikaitazama kwa nje, nikaona ni yaleyale."

"Ifungue basi," mume wangu akasema. "Ukurasa wa kwanza. Nimekuchorea."

Alichana bahasha. Kweli alikuwa amechora: mraba wa faili, orodha pembeni, saa mbili zinazofanana, na mshale mwekundu. Chini yake ameandika kwa herufi zake zile za kulala, mdogo wangu, jaribu hivi. Na mistari mitatu. Ileile, neno kwa neno, isipokuwa yeye faili lake alilipa jina la utani la dada yake la utotoni.

Nilikuwa na maneno, msifikiri sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka miaka sita. Lakini wifi yangu alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, basi nikaenda jikoni nikamletea maji.